Meza ya Mama Waya

Kabla ya kuitwa Mama Waya aliitwa Dada Waya, na kabla ya hapo, katika kampuni ile ya kukodisha mitambo ya sauti, hakuwa na jina lolote. Mkunja nyaya haitwi jina, huitwa "wewe". Alikuwa mwanamke pekee katika kundi. Wanaume walibeba spika, yeye akaachiwa nyaya, na nyaya hizo alizikunja kwa namna ambayo wenzake wa enzi zile bado huieleza kwa kuzungusha mikono hewani: mzunguko mmoja wa nje, mmoja wa ndani, ili kesho yake waya ukirushwa jukwaani ujinyooshe wenyewe bila fundo hata moja.

Alipanda polepole, kwa njia ambayo haikuwa na cheti wala sherehe. Kutoka kwenye nyaya alipewa maikrofoni, azifute mate na kuzipanga. Kutoka kwenye maikrofoni alipewa meza ndogo ya kuchanganyia sauti, ya pembeni, ile inayowarudishia wanamuziki sauti yao wenyewe ili wasipotee. Kisha, katika harusi moja, fundi mkuu akashikwa na tumbo katikati ya hotuba ya baba wa bibi harusi, akakimbia, na hakuna aliyekuwa karibu na meza kubwa isipokuwa yeye. Alishika vile vidhibiti vinavyoteleza, akaishusha besi iliyokuwa ikimmeza mzee wa watu, akamfuata neno kwa neno mpaka akamaliza. Hakuna aliyemsifu. Ndivyo alivyojua kuwa amefaulu, kwa maana wageni walitoka wakizungumzia hotuba, si spika. Fundi mkuu aliporudi, uso umemsawijika, alisimama nyuma yake, akasikiliza, kisha akaenda kukaa. Tangu siku hiyo meza ilikuwa yake.

Ilikuwa yake kwa maana halisi. Aliweka sheria moja, na kampuni nzima iliijua: meza ina mtu mmoja. Akishamaliza kuipanga, hufunika kitambaa cha bluu juu yake, na ole wake atakayekigusa. Sheria ya pili haikuwa sheria bali majigambo. Mafundi waliokuja baadaye walikuja na kompyuta zinazochora sauti kama milima na mabonde, nao hutazama mchoro kabla ya kuamua. Yeye alikuwa akisimama katikati ya ukumbi mtupu, akapiga kofi moja, akainamisha kichwa kusikiliza kofi linavyofia ukutani. Kisha alisema kwenye maikrofoni, "Sisi sote, sisi sote, sasa hivi," akipima ile "s" inavyokata. "Mimi sisikilizi kwa macho," ndiyo kauli yake, na wateja waliipenda, wakaisambaza.

Upande wa pili wa nyaya zake, nyuma ya jukwaa, alikuwepo shemeji yake. Marehemu mumewe alikuwa dereva wa gari la mitambo, na ndiye aliyemwingiza mdogo wake katika kazi. Alipofariki, mdogo alibaki, akisimamia amplifaya na spika. Walimwita Tajiri, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona na kitu mfukoni.

"Shemeji, umeamkaje?" Mama Waya humuuliza kila wanapokutana katika ghala la kampuni.

"Nimeamka na njaa. Kaka aliniahidi ataniachia shemeji wa kunipikia, kumbe kaniachia fundi mitambo."

"Si uoe?"

"Nani atanikubali? Ulishawatangazia wote kwamba nakoroma. Na ulitangaza kwa spika kubwa."

Utani huo ulikuwa umezoeleka hata wabeba spika walikuwa hawaucheki tena. Lakini wote walikubaliana kwamba wawili hao wakiwa kazini, mmoja mbele na mmoja nyuma, hakuna ukumbi ulioshindikana.

Maisha ya fundi mitambo ni maisha ya kuitwa na kutoitwa. Kuna miezi ya harusi juu ya harusi, na kuna miezi ambayo simu hulala kifudifudi mezani. Mama Waya alikuwa amevuka umri wa miaka arobaini na mitano, mgongo umeanza kumsema, na kwa muda mrefu alikuwa akitamani jambo moja tu, ambalo alilieleza kwa maneno yaleyale kila alipoulizwa: meza isiyohama, katika ukumbi usiohama, na kiti chenye mgongo. Kwa hiyo ukumbi mpya wa sanaa na mikutano ulipokamilika karibu na stendi, na uongozi wake ukamwita yeye peke yake kwa ajili ya nafasi ya fundi mkuu wa sauti, hakulala vizuri kwa wiki nzima. Sharti lilikuwa moja: aendeshe onyesho la kwanza la majaribio, kwaya na wageni waalikwa, Jumamosi mchana. Akifaulu, nafasi ni yake mpaka astaafu.

Tajiri hakuruhusiwa kwenda naye. Ukumbi ulikuwa na fundi wake wa spika, kijana mwenye miwani na sauti ya chini, aliyezifunga spika zile mwenyewe, moja baada ya nyingine, akazipima. Tajiri alipopata habari hiyo aliuliza mara mbili.

"Hata nyuma ya jukwaa? Nisaidie tu kubeba?"

"Kuna watu wao, Tajiri. Wewe pumzika."

"Nipumzike na nini, shemeji? Mwambie yule meneja mimi ni sehemu ya mitambo."

Alicheka, lakini Mama Waya anakumbuka kwamba kicheko kile kilikatika ghafla. Wakati huo hakukitilia maanani.

Jumamosi alifika mapema. Ukumbi ulinukia rangi mbichi na zulia jipya. Alipiga kofi lake, akainamisha kichwa. Alipanga meza. Akasema "sisi sote, sisi sote," na ile "s" ikamjia butu, kama kisu kilichokata sabuni. Akapandisha sauti za juu, zile nyembamba zenye makali. Akasema tena. Akapandisha tena kidogo. Kijana wa miwani, aliyekuwa amesimama hatua chache nyuma na kompyuta yake mkononi, alijikohoza.

"Samahani, mama. Hizo za juu hazijazidi kidogo?"

"Zimezidi wapi?"

"Hapa kwenye mchoro..."

"Mwanangu," Mama Waya alimkatiza, akitabasamu, "mchoro haununui tiketi. Wewe funga spika zako vizuri, mimi nitasikiliza."

Kijana akasema, "Sawa, mama," akarudi nyuma. Wafagiaji wawili waliokuwa karibu walicheka, na yeye alifurahia kicheko hicho. Alikuja kukirudia mara nyingi baadaye, na kila mara kilimchoma mahali pale pale.

Kwaya ilipoanza, safu ya mbele ilikunja nyuso. Mwanzoni alidhani ni mwanga wa taa. Kisha bibi mmoja akaziba sikio kwa kiganja. Mtoto akaanza kulia, akatolewa nje. Mzee aliyekuwa amevaa kifaa cha kusikilizia alikichomoa sikioni, akakitia mfuko wa shati. Mama Waya alitazama meza yake: kila kitu kilikuwa mahali pake. Alisikiliza: sauti zilimjia laini, za kupendeza, zenye uvivu kidogo. Hakushusha kitu. Palipofika mapumziko, kiongozi wa kwaya alimwambia meneja, kwa sauti ya kutosha kusikika, kwamba waimbaji wake walikuwa wakisikika kama wanaoimba ndani ya birika linalochemka.

Meneja, mwanamke mwenye haraka na simu mbili, alimjia Mama Waya. "Kuna nini?"

"Spika zenu," alijibu. Hakufikiri hata kidogo, wala hakuwa akidanganya, aliamini. "Zimefungwa vibaya. Mimi huku nimemaliza kazi yangu."

Meneja aligeuza shingo, akamtazama kijana wa miwani. Kijana alifungua mdomo, kisha akaufunga.

*

Jumatatu, saa ya chakula cha mchana, Mama Waya alikuwa ghalani. Binti yake, anayefanya kazi katika duka la dawa mtaa wa pili, alikuwa ameleta wali katika hotipoti, kama afanyavyo siku ambazo wote wawili wako karibu. Tajiri alikuwa ameinama juu ya spika iliyochanika utando, akiibandua kingo kwa bisibisi.

"Spika zao zinachoma kama pasi," Mama Waya alisimulia. "Kijana anaangalia mstari wake kwenye kompyuta, eti umenyooka. Watu wanaziba masikio, yeye anaangalia mstari!"

Kwa kawaida hapo Tajiri angetia neno. Hakutia.

"Tajiri, umekufa?"

"Nipo, shemeji."

"Basi cheka."

"Hicho si cha kucheka." Aliweka bisibisi chini. "Spika za yule kijana hazina kitu."

"Wewe ulikuwepo?"

"Sikuwepo. Ndiyo maana."

Binti aliacha kupakua. Tajiri aliifuta mikono yake kwenye suruali, polepole, kama mtu anayetafuta mahali pa kuanzia, kisha akaanza na mkutano wa walimu wa mwaka juzi. Siku ile alikuwa nyuma ya jukwaa alipoona sauti za juu zinakuja kali kutoka mezani. Alidhani ni tabia ya ukumbi. Kazi iliyofuata zikaja kali zaidi. Watu wa mbele wakaanza kukunja sura. Kati ya meza na amplifaya kuna kifaa kidogo cha kurekebisha sauti, ambacho hukaa nyuma, katika himaya yake yeye. Akaingiza mkono, akapunguza. Ukumbi ukatulia. Tangu siku hiyo, katika kila kazi, Mama Waya alipandisha mbele na yeye akapunguza nyuma.

"Na kila nikipunguza, wewe unasikia kidogo zaidi, unapandisha tena," alisema. "Tumekuwa tunavutana hivyo miaka miwili, shemeji. Wewe huku, mimi kule."

"Mwongo."

"Ningependa kuwa mwongo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Meza ina mtu mmoja. Maneno yako hayo. Mimi nani wa kukuambia masikio yako yamechoka?"

Mama Waya alisimama. Alisema maneno ambayo binti yake hakuyataka yaandikwe, naye Tajiri aliyapokea yote akiwa amekaa juu ya sanduku. Mwisho, hasira ikiwa imebaki bila maneno, alimtaka athibitishe. Tajiri aliunganisha spika nyingine iliyo nzima na kompyuta ya kampuni, akamwambia akae kwenye kiti, aangalie ukuta, na ainue mkono kila atakaposikia mlio.

Mlio wa kwanza ulikuja mnene, aliinua mkono. Wa pili mwembamba zaidi, aliinua. Wa tatu, mkono ulipanda kwa kusitasita. Kisha ghala likanyamaza. Alingoja. Akaona nzi akitembea ukutani. Akangoja tena, akachoka.

"Anza basi," alisema.

"Nimeanza zamani, shemeji."

Aligeuka. Binti yake alikuwa amejikunja kwenye benchi, vidole vimezama masikioni, macho ameyafumba kwa maumivu. Nje ya mlango mlinzi alikuwa amesimama, akipaza sauti, "Nyie mnaua nini humo ndani?"

Tajiri alizima. Wali ulikuwa umepoa.

"Mama," hatimaye binti alisema, "birika linapiga mluzi jikoni, naja kuzima mimi, unaniambia ulikuwa na mawazo. Simu inalia kwenye mkoba wako, mawazo. Mbu anakutafuna shingo, mawazo. Nilikuwa najiuliza, mawazo gani haya yasiyoisha?"

Ilikuwa kauli ya kuchekesha, na Tajiri alikaribia kucheka, lakini Mama Waya alikuwa ameinamisha kichwa kama anavyofanya baada ya kupiga kofi katika ukumbi mtupu. Safari hii hakukuwa na kitu cha kusikiliza. Alikuwa akihesabu kimoyomoyo kazi zote za miaka miwili ambazo watu walimshika mkono wakasema, mama, leo ulitubariki, na kila moja ilimgeukia ikawa ya watu wawili, naye hakualikwa kuijua nusu ya pili.

*

Simu ya meneja ilikuja kesho yake asubuhi. Binti ndiye aliyeisikia ikilia. Mama Waya aliiweka kwenye spika ndogo ya simu, nao wote watatu, kwa kuwa Tajiri alikuwa amekuja kuomba radhi na kuomba chai, waliisikiliza pamoja.

Meneja alisema uongozi umekaa. Kila waliyemuuliza mjini amesema jambo lilelile, kwamba fundi wa kiwango cha Mama Waya hakosei. Kwa hiyo tatizo ni spika, na aliyezifunga. Nafasi ni yake. Kuhusu yule kijana, wamekwisha kumsimamisha, ila ni mwajiriwa halali na hawawezi kumwondoa kwa hisia. Wanaomba Mama Waya afike Ijumaa, atamke mbele ya kikao yale aliyoyatamka Jumamosi. "Neno moja tu kutoka kwako linatosha," alisema meneja. "Na kama una mtu wako wa spika unayemwamini, mlete. Nafasi hiyo itakuwa wazi."

Simu ilipokatika, Tajiri alikuwa ameshikilia kikombe hewani.

"Mtu wako unayemwamini," alirudia taratibu. "Shemeji, umesikia? Au hiyo nayo ilikuwa ya juu?"

"Usinifanyie utani."

"Sifanyi. Nafikiri." Aliweka kikombe. "Sikiliza. Wewe mbele, mimi nyuma. Kama kawaida. Ukumbi mmoja, hakuna kubeba, hakuna mvua. Unapata kiti chako chenye mgongo, mimi napata mshahara, mtu aniite Tajiri bila kucheka. Nani atajua? Miaka miwili hakuna aliyejua, hata wewe."

"Na yule kijana?"

"Ana elimu yake, ana kompyuta yake. Atapata pengine."

"Ataandikiwa kwamba hajui kufunga spika. Nani atampa spika afunge?"

Binti aliuliza kama baba mdogo angekubali kutembea na jina hilo yeye mwenyewe, na Tajiri akasema, bila ukali, kwamba mtoto asiingilie mazungumzo ya watu waliobeba mizigo kabla hajazaliwa. Kisha akamgeukia Mama Waya, na masimulizi ya wote wawili yanalingana kuhusu alichosema, ingawa kila mmoja anakikumbuka kwa toni tofauti. Tajiri anasema aliomba. Mama Waya anasema alidai.

"Mimi nimekubeba miaka miwili, shemeji. Nibebe na mimi mara moja."

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Mama Waya alikwenda zahanati, akawekwa ndani ya kijichumba chenye kuta za sponji, akabonyeza kitufe alipodhani amesikia. Mpimaji alimwonyesha mstari ulioteremka kama paa. Yaliyopotea hayarudi, aliambiwa. Vifaa vya masikioni vitamsaidia kusikia watu wakizungumza. Aliuliza kuhusu muziki. Mpimaji alimtazama kwa huruma, akasema atazoea. Alirudi kwa miguu, na njia nzima alijaribu kukumbuka sauti ya matoazi ilikuwaje: si ule mgongano wa shaba, ule aliokuwa akiusikia bado, bali lile vumbi la sauti linalobaki juu yake hewani. Hakuikumbuka. Kwa muda akajipa moyo kwamba hata hivyo anaweza kufanya kazi, kwamba Tajiri ni masikio kama masikio mengine, kwamba watu huvaa miwani na hakuna anayewaita vipofu. Hoja hizo zilikuwa nzuri, na alizipanga vizuri. Lakini kila alipozimaliza alimwona yule kijana akifungua mdomo, kisha akaufunga.

*

Kikao kilikuwa watu wanne na chupa za maji. Kijana wa miwani aliketi mwisho wa meza. Alikuwa amekonda usoni, au labda ni miwani tu iliyokuwa imeshuka. Mama Waya alipoingia, alisimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Meneja alieleza kwa ufupi, akamgeukia. "Tunaomba utuambie kuhusu ufungaji wa spika."

"Spika hazina kosa," alisema Mama Waya. "Kosa ni langu."

Jambo ambalo hakulitarajia ni kwamba wasingemwamini. Mwenyekiti alitabasamu. Meneja akasema wanaelewa, ni mama, ana moyo wa kumtetea kijana, lakini hapa ni kazini. Mjumbe mwingine akaongeza kuwa yeye mwenyewe alimsikia Mama Waya katika harusi ya mwanawe mwaka jana na sauti ilikuwa kama asali. Mama Waya alijaribu kueleza kuhusu shemeji yake na kile kifaa cha nyuma, na kadiri alivyoeleza ndivyo walivyozidi kutikisa vichwa kwa heshima. Sifa zake zilimzunguka kama ukuta, akashindwa kupata mlango.

Ndipo alipofungua mkoba, akatoa karatasi ya zahanati, akaisukuma katikati ya meza. Hakuna aliyeielewa. Kijana wa miwani aliinuka, akaja, akainama kuitazama. Yeye aliijua mistari. Aliweka kidole pale mstari unapoporomoka, kisha akainua macho.

"Kuanzia hapa husikii kitu?" aliuliza.

"Sisikii."

"Hata 's'?"

"Naziona kwenye midomo yenu."

Kijana aliwageukia wale wanne, akawaeleza kwa maneno machache yaliyopangika kwamba mtu asiyesikia kuanzia pale atapandisha hasa zile sauti zilizowachoma Jumamosi, kwa kiasi hasa alichokiona kwenye kompyuta yake. Aliongea bila furaha. Alipomaliza, meneja alikunja karatasi, akairudisha kwa mwenyewe kwa mikono miwili.

"Basi, mama," alisema, "nafasi ile..." Hakumaliza, na Mama Waya hakumlazimisha amalize.

Kijana alimkuta kwenye ngazi za nje. Mama Waya alikuwa ameandaa maneno marefu. Yalitoka mawili.

"Samahani, baba."

"Nimefungua spika zote," alisema kijana. "Moja moja. Nikazipima upya, nikazifunga upya. Sikuona kitu. Mwisho nikaanza kujishuku masikio yangu mwenyewe. Nikaenda kupimwa." Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Nilikuambia, mama. Nilikuambia zimezidi."

"Uliniambia."

"Ukanichekea mbele ya watu."

"Nilikuchekea."

Alingoja kama anayengoja kingine, na kwa kuwa hakikuwepo kingine, aliitikia kwa kichwa, akarudi ndani. Hakumpa mkono.

Tajiri hakusema naye kwa muda mrefu kuliko wakati wowote tangu msiba wa kaka yake. Alikuja ghalani, alipakia, alipakua, alimsalimu kwa "habari za kazi" kama mtu baki. Mwenye kampuni alipoelezwa, aliguna, akauliza nani sasa atashika meza, kwa sababu mahafali ya chuo cha uuguzi yalikuwa Jumapili ya mwisho wa mwezi na fedha za awali zimekwisha kupokelewa. Mama Waya alimtaja Tajiri. Tajiri akasema hapana. Akasema yeye ni mtu wa nyuma ya pazia, hajawahi kutazamwa na umati mgongoni. Akasema pia, kwa sauti ambayo ilikusudiwa isikike, kwamba kuna watu wana tabia ya kugawa visivyo vyao baada ya kutupa vilivyo vyao.

Jumapili hiyo alasiri walikuwa wote wawili nyuma ya meza, chini ya turubai lililofungwa juu ya uwanja wa chuo. Hakukuwa na mtu mwingine wa kufanya kazi ile. Tajiri alikuwa amevaa shati la mikono mirefu, limelowa mgongoni. Wahitimu waliingia kwa mistari, bendi ikapiga, mkuu wa chuo akapanda jukwaani. Tajiri aliweka vidole kwenye vidhibiti kama anayegusa sufuria ya moto.

"Usimfukuze," Mama Waya alimwambia chini chini. "Akiinua sauti, mwache ainue kwanza. Mfuate."

"Namfuata."

"Besi inammeza."

"Naisikia, shemeji. Usinipigie kelele."

Aliishusha. Alifanya vizuri, au Mama Waya alidhani amefanya vizuri, kwa sehemu ile aliyoweza kuisikia. Mkuu wa chuo aliendelea. Juu ya maneno yake palikuwa na kitu ambacho Tajiri alikuwa akikisikiliza kwa taya zilizokazwa, akakipandisha kidogo, akakishusha, akakipandisha tena, asijue pa kukiacha. Hatimaye, kwa mara ya kwanza katika majuma yote yale, aligeuka akamtazama usoni.

"Niache hapa, au niongeze?"

Mama Waya alikuwa ameulizwa swali hilo maisha yake yote ya kazi, na hakuwahi kukosa jibu. Alitazama meza, akatazama jukwaa, ambapo mdomo wa mkuu wa chuo ulikuwa ukifunguka na kufumbika.

"Mimi sijui," alisema. "Wewe unasikiaje?"